Schuld: Deni au Hatia? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Neno Moja la Kijerumani

Kila anayejifunza Kijerumani hufika siku akakwama kwenye neno Schuld. Anafungua kamusi, anakuta majibu mawili: deni, na hatia. Anajiuliza kama haya ni maneno mawili yaliyofanana sura kwa bahati, au ni neno moja lenye nyuso mbili. Mimi ni mfasiri wa hati, na neno hili limenipa mkate na limenitia aibu. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi.

Schuld maana yake nini hasa?

Ni nomino ya jinsia ya kike: die Schuld. Upande mmoja ni deni, yaani fedha au kitu unachodaiwa. Upande wa pili ni hatia, yaani kosa lililo lako wewe, lawama isiyoweza kuhamishiwa kwa jirani. Kwetu anayedaiwa dukani kwa Mangi na aliyetiwa hatiani mahakamani hawakai ndani ya neno moja. Wajerumani wamewapangisha chumba kimoja.

Linatamkwaje?

"Shult", kwa silabi moja. Herufi d mwishoni mwa neno husikika kama t. Ukilifanya wingi, Schulden, ile d inarudi: "shulden".

Nitajuaje kama ni deni au ni hatia?

Anza na wingi. Schulden, kwa wingi, ni madeni karibu kila mara, kwa kuwa hatia haina wingi katika Kijerumani cha leo. "Er hat Schulden" ni mtu mwenye madeni. "Er hat Schuld" ni mtu ambaye kosa ni lake. Tofauti ni herufi mbili tu. Nilipokuwa mchanga kazini niliziruka herufi hizo katika barua ya bwana mmoja aliyekuwa analipa mkopo wa gari, nikamgeuza mkosaji. Alicheka. Ningekuwa yeye nisingecheka.

Kisha tazama kihusishi. Hatia hufuatwa na an: "Schuld an dem Unfall", kosa la ajali ile ni lake. Deni hufuatwa na kihusishi bei: "Schulden bei der Bank", anadaiwa na benki. Kanuni hii ndogo imeniokoa mara nyingi kuliko kamusi yoyote.

Vitenzi ndivyo vyenye mitego. Schulden kama kitenzi ni kudaiwa: "Ich schulde dir 20 Euro", unanidai euro 20. Beschuldigen ni kumtuhumu mtu, na hapo fedha haimo kabisa. Verschulden ni kusababisha jambo kwa kosa lako, lakini ukisema sich verschulden umejiingiza kwenye mikopo. Basi mtu aliye verschuldet ana madeni, na mtu aliyepata shida unverschuldet amepata shida bila kosa lake. Ukiyatazama kwa macho utadhani moja ni kinyume cha jingine. Mtu anaweza kuwa yote mawili kwa siku moja: madeni yamemjaa, na si kosa lake.

Kivumishi schuldig nacho hukaa pande zote mbili bila haya. Hakimu akimtamkia mshtakiwa kuwa ni schuldig, amemtia hatiani. Mteja mgahawani akimuuliza mhudumu "Was bin ich Ihnen schuldig?" anauliza tu, unanidai kiasi gani?

Mwisho ni maneno ya kisheria yaliyobaki katika umoja ingawa yanahusu fedha. Mfano mkubwa ni Grundschuld. Grund ni sababu au msingi, lakini pia ni ardhi. Niliwahi kuona tafsiri iliyoandika "hatia ya msingi" mahali ambapo mwenye nyumba alikuwa ameiweka rehani benki ili apate mkopo. Ukikuta neno hilo kwenye hati ya nyumba, ni dhamana iliyofungwa kwenye ardhi, hakuna aliyekosa.

Kwa nini wakati mwingine huandikwa kwa herufi ndogo?

Kwa sababu katika "Du bist schuld" neno limeacha kuwa nomino. Likifuata kitenzi sein linaandikwa schuld kwa herufi ndogo. Likifuata haben linabaki Schuld. Wajerumani wenyewe hukosea hapa, kwa hiyo usijilaumu sana.

Neno hili limetoka wapi?

Tuanze na kitenzi, maana nomino ni mtoto wake. Katika Kijerumani cha Juu cha Kale, kilichoandikwa kuanzia karibu mwaka 750, palikuwa na kitenzi scolan, kupaswa, kuwa na jambo la kutoa au kutenda. Kutoka humo likazaliwa sculd: lile linalokupasa. Kitenzi hicho bado kinaishi. Kimepoteza sauti ya k njiani na leo kinaitwa sollen, "kupaswa", ambacho mwanafunzi hukutana nacho katika mwezi wa pili au wa tatu wa masomo. Shall na should za Kiingereza ni ndugu zake.

Ukoo ni mpana. Katika Kigothi, lugha ambayo Askofu Wulfila aliitafsiria Biblia katika karne ya 4, skulan ni kudaiwa na pia kupaswa. Kiholanzi kina schuld na Kiswidi kina skuld, vyote vikibeba deni na hatia kwa pamoja kama Kijerumani. Kilithuania, kilicho mbali kidogo katika ukoo huo, kina skola, nacho ni deni. Katika hekaya za watu wa kaskazini wa kale, mmoja wa wale wanawake watatu wanaopanga majaliwa ya binadamu anaitwa Skuld. Ni neno lilelile: yeye ndiye lile linalopasa kuja.

Kwa hiyo mwanzoni hapakuwa na maana mbili. Palikuwa na moja, wajibu, na mtu wa pwani ataielewa haraka kuliko anavyodhani, kwa sababu sisi wenyewe tunasema ahadi ni deni. Tusemapo hivyo hatuna fedha akilini. Tunasema mtu ametamka neno, na sasa linamdai.

Hatia iliingiaje? Njia moja inaonekana wazi katika sheria za kale za makabila ya Kijerumani. Aliyeua au kujeruhi alitakiwa kuwalipa ndugu wa aliyeumizwa, na malipo ya uhai wa mtu yaliitwa Wergeld. Kiswahili kina dia, kutoka Kiarabu, kwa jambo hilohilo. Pale ambapo kosa hulipwa kwa mali, mkosaji ni mdaiwa kwa maana ya moja kwa moja, na hakuna haja ya maneno mawili. Baadaye Kanisa likaja na mizani yake ya dhambi na toba, na neno likahamia moyoni bila kuhama mfukoni.

Je, Schuld lina uhusiano na Schule?

Hapana. Schule, "shule", ilitoka katika Kilatini schola, ambacho nacho kilitoka Kigiriki. Zinafanana kwa herufi tu. Wanafunzi wangu hawapendi jibu hili, hasa wakati wa ada.

Ni kweli kwamba majina kama Schulz na Scholz yametoka hapa?

Ni kweli, na hii ni sehemu ninayoipenda. Katika Zama za Kati palikuwa na afisa aliyeitwa Schultheiß. Jina lake limeungwa na Schuld na kitenzi heißen kwa maana yake ya zamani ya kuamuru: ni yule anayewaamuru watu watimize linalowapasa, walipe ushuru na ada za bwana wa nchi. Baadaye akawa mkuu wa kijiji na hakimu wa mambo madogo. Mfikirie jumbe wa pwani, au mtendaji wa kijiji wa leo anayepita kukusanya michango. Kwa kuwa kila kijiji kilikuwa na mmoja, jina likasambaa na kusagika midomoni: Schulze, Schulz, Schulte, Scholz.

Olaf Scholz alikuwa Kansela wa Ujerumani kuanzia Desemba 2021. Serikali yake ya vyama vitatu ilivunjika tarehe 6 Novemba 2024 alipomfukuza waziri wake wa fedha, Christian Lindner, katika ugomvi wa bajeti na kanuni ya kikatiba inayobana mikopo ya serikali. Kanuni hiyo inaitwa Schuldenbremse. Mkusanya madeni, kwa jina, akaangushwa na breki ya madeni.

Katika sala ya Baba Yetu ya Kijerumani wanasema Schuld. Wanaomba wasamehewe deni au kosa?

Yote mawili, na neno lao linawaruhusu wasichague. Sala inasema: "Und vergib uns unsere Schuld, wie auch wir vergeben unsern Schuldigern."

Sisi ilibidi tuchague. Mkatoliki wa Kiswahili husali "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea". Anayesoma Biblia ya Union, iliyotoka mwaka 1952, anakuta katika Mathayo 6:12: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Mtoto aliyelelewa kwa sala ya kwanza akikutana na ya pili hudhani kitabu kimekosea chapa. Mimi nilidhani hivyo.

Hakuna kosa la chapa. Kigiriki cha Mathayo kinatumia neno la madeni kabisa, na Luka 11:4 anatumia dhambi. Nyuma yao wote wawili iko lugha ya Kiaramu, ambayo neno lake hoba ni deni na dhambi kwa wakati mmoja. Kumbe Kiaramu na Kijerumani, lugha zisizo na undugu wowote, zilifika mahali pamoja.

Ajabu zaidi ni jinsi Biblia ya Union ilivyomtafsiri Luka: "Utusamehe dhambi zetu, kwa kuwa sisi nasi tunamsamehe kila tumwiaye." Kila tumwiaye! Kitenzi kuwia, kuwa na dai juu ya mtu, kimeanza kusahaulika mijini, lakini ndicho Kiswahili kinachokaribia Schuld kuliko kingine. Paulo naye, katika Warumi 1:14, anasema "Nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani", na hapo hakuna aliyemkopesha senti. Anawiwa wajibu. Kama ningetakiwa kumfafanulia mzee wa Lamu au Pangani neno Schuld bila kamusi, ningeanza na kuwiwa, nikaachana kwanza na deni na hatia zote mbili.

Je, kweli deni na dini ni neno moja kwa Kiarabu?

Swali hili huja kila mara nikizungumzia Schuld mbele ya Waislamu, na ni swali zuri. Maneno yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu: deni ni dayn, dini ni din. Kwa maandishi yasiyo na irabu herufi ni zilezile, dal, ya, nun. Lakini din ina maana zaidi ya moja. Ipo ya hukumu na malipo, kama katika Sura ya Al-Fatiha, ambapo siku ya din hutafsiriwa kwa Kiswahili "Siku ya Malipo". Na ipo ya imani na mfumo wa ibada, ambayo wataalamu wengi wanaihusisha na neno la Kiajemi. Basi nisingesema ni neno moja. Ningesema ni majirani waliokaa pamoja muda mrefu hadi wakaanza kufanana.

Nietzsche alisema nini kuhusu neno hili?

Mwaka 1887, katika kitabu chake kuhusu asili ya maadili, Friedrich Nietzsche alidai kwamba ile hatia nzito ya moyoni wanayoihubiri wanafalsafa ilizaliwa katika jambo la kawaida kabisa, la sokoni: Schulden, madeni. Mdai na mdaiwa ndio uhusiano wa kwanza, asema. Dhamiri ilikuja baadaye. Mtu huyu hakuwa anabahatisha na lugha. Alikuwa msomi wa Kigiriki na Kilatini, na Chuo Kikuu cha Basel kilimpa kiti cha profesa akiwa na umri wa miaka 24.

Je, ana haki? Kwa Kijerumani, hoja yake ina miguu. Kwa binadamu wote, sidhani, na Kiswahili ni shahidi wangu. Hatia yetu ilitoka Kiarabu, katika mzizi wa kukosea, kupotoka shabaha. Na neno letu la Kibantu ni lipi? Kosa. Mwindaji hukosa mnyama, msafiri hukosa basi, mtu hukosa adabu. Mkosaji wetu amepiga pembeni, hajakopa. Hata Kigiriki cha Luka, hamartia, ni kukosa shabaha. Kwa hiyo zipo lugha zinazoona kosa kama deni na zipo zinazoliona kama mshale uliopotea, na Nietzsche alijenga nyumba yake juu ya aina ya kwanza peke yake.

Sheria za Ujerumani zinatenganisha maana hizi?

Ndiyo, tena kwa ukali. Sheria ya Kiraia, BGB, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1900, ina kitabu cha pili kinachohusu Schuldrecht, kuanzia kifungu cha 241. Hiyo ni sheria ya wajibu: kuuza, kupanga nyumba, kukopa, kufidia. Ukinunua mkate, wewe ni Schuldner, yaani mdaiwa, wa bei na mwokaji ni Schuldner wa mkate, na hakuna aliyefanya ubaya. Sheria ya Jinai, StGB, inatumia Schuld kwa maana ya pili: kifungu cha 46 kinasema Schuld ya mtenda kosa ndiyo msingi wa kupima adhabu yake.

Huko nyuma mpaka haukuwa safi namna hiyo. Mdaiwa aliweza kufungwa, na mjini Nürnberg bado umesimama mnara unaoitwa Schuldturm, uliokuwa gereza la wadaiwa. Kifungo cha madeni kilifutwa katika Shirikisho la Ujerumani Kaskazini mwaka 1868. Kwenye ndoa, neno lilidumu zaidi: huko Ujerumani Magharibi, hadi katikati ya mwaka 1977 mahakama ilipaswa kutamka nani ana Schuld ya ndoa kuvunjika, na jibu liliamua matunzo ya baada ya talaka. Tangu Julai 1 mwaka huo kinachoulizwa ni kama ndoa imekufa.

Na kuna kichekesho cha kamari. Wajerumani husema Spielschulden sind Ehrenschulden, madeni ya kamari ni madeni ya heshima. Watu wengi hudhani msemo unasisitiza kwamba lazima yalipwe. Kifungu cha 762 cha BGB kinasema kamari haizai wajibu wa kisheria. Ni heshima tu, kwa kuwa mahakamani huendi nayo popote.

Entschuldigung ni "samahani" tu, au kuna zaidi?

Kwa matumizi ni samahani: unapita katikati ya watu kwenye treni, unaomba njia. Kwa ujenzi ni jambo jingine. Ent- ni kiambishi cha kuondoa, kwa hiyo neno zima ni kuondolewa Schuld. Hapo ndipo wazee wa sarufi wanapogombana na vijana. "Ich entschuldige mich", wanasema, ni kujiondolea hatia mwenyewe, kama mdaiwa anayejifutia deni kwenye daftari la mwenye duka. Wanataka useme "Ich bitte um Entschuldigung", naomba kuondolewa. Barabarani hakuna anayejali, lakini katika barua ya kuomba radhi kwa jambo zito ningefuata wazee.

Katika historia nasoma Kriegsschuld. Ni deni la vita au hatia ya vita?

Kriegsschuld, umoja, ni hatia ya kuanzisha vita. Kriegsschulden, wingi, ni madeni ya vita. Na katika historia ya Ujerumani hatia na fedha viliingia mlango mmoja, Mkataba wa Versailles wa 1919.

Kifungu cha 231 cha mkataba huo kiliitwisha Ujerumani na washirika wake wajibu wa hasara na uharibifu wote wa vita. Matini ya Kifaransa inasema responsables, wenye wajibu wa jambo, na neno hatia halimo. Kazi ya kifungu ilikuwa kuweka msingi wa kisheria wa fidia. Lakini Wajerumani walikibatiza jina Kriegsschuldartikel, kifungu cha hatia ya vita, na kuanzia hapo kila bili ikasomeka kama hukumu. Mwaka 1921 fidia ilipangwa kuwa marki za dhahabu bilioni 132. Wizara ya Mambo ya Nje mjini Berlin ilikuwa na idara nzima, Kriegsschuldreferat, iliyofanya kazi ya kukanusha. Sidai kwamba neno moja liliwaleta Wanazi madarakani. Ila lugha ambayo "unadaiwa" na "una hatia" ni mtu na kivuli chake iliwarahisishia kazi wale waliotaka kugeuza bili kuwa tusi. Kwa msomaji wa kwetu, mkataba huohuo, katika kifungu cha 119, ndio ulioiondolea Ujerumani makoloni yake, Afrika Mashariki ya Kijerumani ikiwemo.

Madeni yaliishi kuliko waliokopa. Mkataba wa London wa tarehe 27 Februari 1953 ulipunguza madeni ya nje ya Ujerumani Magharibi kwa karibu nusu. Riba fulani zilizobaki kutokana na mikopo ya miaka ya 1920 na 1930 ziliahirishwa hadi nchi itakapoungana, na malipo ya mwisho yalifanyika tarehe 3 Oktoba 2010.

Na baada ya Vita Kuu ya Pili?

Hapo uzito ulihamia umoja, Schuld. Tarehe 19 Oktoba 1945 viongozi wa Kanisa la Kiinjili walitoa mjini Stuttgart tamko lililokuja kuitwa Stuttgarter Schuldbekenntnis, ungamo la hatia. Mwaka uliofuata mwanafalsafa Karl Jaspers aligawa Schuld katika aina nne: ya jinai, ya kisiasa, ya kimaadili, na ile ya kimetafizikia, ambayo ni ya mtu aliyebaki hai wakati wenzake wanauawa. Mgawanyo huo ulisaidia kwa sababu watu walikuwa wanabishana wakitumia neno moja kwa mambo manne.

Ni kweli Wajerumani wanachukia mikopo kwa sababu ya neno hili?

Wakati wa msukosuko wa madeni ya Ugiriki, kuanzia 2010, magazeti ya nchi nyingi yalipenda maelezo haya. Ni maelezo matamu na mimi nayaonea shaka. Waholanzi na Waswidi wana neno lenye nyuso zilezile. Na sisi wenye maneno tofauti bado tunamwonea haya mwenye duka tunapopita bila kulipa.

Kinachoonekana wazi ni kwamba wanasiasa wa Ujerumani wanaijua harufu ya neno. Schuldenbremse iliingizwa kwenye katiba mwaka 2009 na kuibana serikali kuu isivuke nakisi ya kimuundo ya asilimia 0.35 ya pato la taifa. Mwezi Machi 2025 bunge lililegeza masharti hayo kwa ajili ya ulinzi na kuruhusu mfuko wa miundombinu wa euro bilioni 500, fedha za kukopa. Mfuko huo haukupewa jina lenye Schulden ndani yake. Uliitwa Sondervermögen, na Vermögen ni mali. Mkopo ukaitwa mali maalumu.

Naishi Ujerumani. Ni maneno gani ya ukoo huu nitakutana nayo kwenye barua?

Schuldner ni wewe unayedaiwa. Anayekudai anaitwa Gläubiger, neno lililotoka glauben, kuamini: alikuamini. Schuldnerberatung ni ushauri kwa wenye madeni, na mashirika kama Caritas na Diakonie huutoa bila malipo katika miji mingi. Usisubiri barua ya nne. Restschuldbefreiung ni hatua ya mwisho ya kufilisika kwa mtu binafsi, kufutiwa deni lililobaki. Tangu marekebisho ya mwishoni mwa 2020 huchukua kwa kawaida miaka 3. Befreiung ni ukombozi, na kwa kweli neno zima linasikika kama sakramenti.

Schufa, ile taasisi ya taarifa za mikopo ambayo kila mwenye nyumba anataka karatasi yake, haimo katika ukoo huu. Ni kifupi cha jina refu linaloanza na Schutz, ulinzi.

Ujerumani iliomba radhi Songea. Walitumia neno Schuld?

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wa pale. Neno la ombi lake lilikuwa Verzeihung. Nalo lina historia: zeihen ni kushutumu, na verzeihen asili yake ni mtu kuliacha dai lake. Kwa hiyo aliyewaomba wajukuu wa Chifu Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906, Verzeihung, kwa asili ya neno anawaomba waliache dai. Bila shaka hakuna aliyefikiria sarufi siku ile. Lakini familia hiyo dai inalo, na ni la kitu kinachoshikika: inatafuta fuvu la mzee wake.

Kwa Namibia tofauti ya umoja na wingi ni kali zaidi. Mwaka 2021 Ujerumani ilikubali kuyaita mauaji ya Waherero na Wanama kuwa ni mauaji ya kimbari kwa mtazamo wa leo, ikaahidi euro bilioni 1.1 kwa miaka 30, na ikakataa kuziita fidia za kisheria. Kwa Kijerumani unaweza kulisema hilo kwa kuongeza herufi mbili: Schuld ndiyo, Schulden hapana. Wengi wa Waherero na Wanama waliyakataa makubaliano hayo.

Kiswahili kiliazima neno Schuld?

Hapana. Wakati wa Wajerumani tulichukua shule, na tulichukua hela, kutoka Heller, sarafu iliyoanza kutumika katika koloni mwaka 1904, Heller 100 kwa rupia moja. Neno la kudaiana tulikuwa nalo tayari, la Kiarabu, tangu enzi za majahazi.